Tupa ipi kwa mtutu wa gobore? Ndefu na fupi, kali na laini, ya kusukuma na ya kuvuta

Ukisimama kwenye kaunta ya duka la vifaa Kariakoo ukasema "nipe tupa", utaulizwa kubwa au ndogo, basi. Kwa anayenoa panga au jembe, jibu lolote linafaa. Kwa anayetaka kulainisha mtutu wa gobore wa pembe nane mpaka ukubali rangi, au chuma kingine chochote kirefu chenye bapa, swali hilo halitoshi hata kidogo. Tupa mbili za urefu tofauti zenye maandishi yaleyale hazikati sawa. Na tupa ileile moja, ukiisukuma kwa urefu wa mtutu inafanya kazi moja, ukiilaza mkingamo na kuivuta inafanya nyingine. Wengi wanaolalamika kwamba tupa za siku hizi hazifai wamechukua tupa nzuri wakaipa kazi isiyo yake.

Kabla ya kuzilinganisha, kuna mambo ya kumalizana nayo.

Kwanza makaratasi. Mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, gobore la babu nalo ni silaha. Linataka leseni, na fundi wa kulikarabati naye awe na leseni ya kazi hiyo. Asiye na karatasi hizo asijifunzie kwenye mtutu. Achukue nondo ya mraba au kipande cha shafti, na karibu kila nitakachosema hapa kitamfaa vilevile, maana kazi ni ileile ya kunyoosha uso mrefu wa chuma kwa mkono.

Pili baruti. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa au nyuzi za kuzibia, kisha goroli au risasi ya mviringo. Aliyelishindilia zamani akaliegesha ukutani huenda hakulifyatua tena, na baruti nyeusi ikikaa pakavu inadumu miaka mingi sana. Ingiza ufito taratibu mpaka ugote, weka alama usawa wa mdomo wa mtutu, uchomoe, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae palepale mdomoni. Ncha ikifika karibu na tundu la kuwashia, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole viwili au vitatu kabla ya hapo, ndani kuna kitu, na kazi ya tupa isimame mpaka fundi wa silaha akitoe.

Na kama "mtutu" wenyewe ni bomba la maji lililogeuzwa silaha, hakuna tupa ya kuusaidia. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko, na kila ukilikwangua unazidi kulipunguzia unene. La kufanya ni kulisalimisha polisi.

Maandishi yaliyogongwa kwenye tupa

Karibu na shina la tupa, pale mpini unapoingia, huwa pamegongwa neno. Bastard ni ya kukwangua, Second Cut ni ya kati, Smooth ni laini. Ziko za kukwangua zaidi ya hizo na za laini zaidi, lakini dukani utakutana hasa na hizi tatu, na mara nyingi utakutana na ya kwanza peke yake, kwa sababu ndiyo inayonolea majembe.

Kinachowaponyoka watu ni kwamba neno hilo husomwa pamoja na urefu. Tupa ikirefuka, meno yake yanakua, hata kama jina halibadiliki. Tupa ya kati ya inchi 6 inaweza kuwa na meno madogo karibu sawa na ya laini ya inchi 12. Kwa hiyo ukiambiwa na fundi "nenda kanunue tupa laini", muulize ya inchi ngapi. Bila inchi, maagizo hayo hayajakamilika. Urefu wenyewe hupimwa kwenye sehemu yenye meno tu, shina halihesabiwi.

Tupa za mtindo wa Uswisi, kama za Vallorbe, zina utaratibu mwingine: zimepewa namba kuanzia 00 hadi 6, na namba ikipanda meno yanapungua ukubwa. Ni tupa za watengeneza saa, masonara na watengeneza vifaa vya kupimia. Kwa mtutu wa gobore ni anasa, isipokuwa kwenye kazi ndogondogo nitakazozitaja mwishoni.

Sasa tuulinganishe urefu na kazi yenyewe. Kwenye pembe nane, upana wa kila ubapa ni kipimo cha ubapa hadi ubapa wa upande wa pili, mara 0.414. Mtutu wa milimita 24 una bapa za karibu milimita 10 kila moja. Tupa bapa ya inchi 12 ina upana unaokaribia milimita 30. Maana yake umeweka kitu kipana juu ya njia nyembamba, na mkono ukiyumba kidogo tu, tupa inaegemea upande na kula pembe. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa mitutu iliyolainishwa na watu wasiojua: pembe nane zimekuwa mviringo wa kukisia. Ubapa unaweza kuwa laini kama kioo, lakini pembe ikishakufa, jicho linaona hapohapo.

Basi, mtu atasema, nunua fupi uitawale vizuri. Hapana. Tupa ya inchi 6 ni rahisi kuishika, lakini inaingia kwenye kila bonde lililoachwa na kutu na kulifuata hadi chini. Unamaliza siku nzima, ubapa unang'aa, ukiuinamia usawa wa jicho kuelekea dirishani unaona mawimbi. Kwa kazi ya kunyoosha, chagua inchi 12, na kama una mikono imara hata 14. Kwa kazi ya kumalizia, inchi 10 inatosha kabisa. Fupi iachie pembe za ndani na mashimo.

Mstari mmoja au miwili

Itazame tupa kwa karibu. Ukiona mistari ya meno imekwenda upande mmoja tu, mshazari, hiyo ni ya mstari mmoja. Ukiona mistari imekatizana na kuacha vijino vyenye ncha, hiyo ni ya mistari miwili.

Ya mistari miwili inakula chuma haraka. Kila kijino kinachimba njia yake, chembe zinatoka ndogondogo na nyingi, na uso unabaki na mikwaruzo unayoweza kuihisi kwa ukucha. Ya mstari mmoja inakata polepole, lakini kila jino ni kisu kirefu kinachopita juu ya uso wote kwa pamoja, kwa hiyo inaacha uso uliokwanguliwa sawasawa. Kwa kutoa kutu nzito na mabonde, ya mistari miwili. Kwa uso wa mwisho, ya mstari mmoja, na hapa sioni mjadala. Nimewaona mafundi wazuri wa mageti wakihangaika na msasa mpaka usiku kufuta mikwaruzo ya tupa ya mistari miwili, wakati tupa ya mstari mmoja ingeifuta kabla chai haijapoa.

Shida ya zote mbili ni chembe kukwama kati ya meno. Mitutu ya kale ni ya chuma laini cha kufuliwa, na chuma laini ndicho kinachokwama zaidi. Chembe moja iliyonasa inageuka msumari: inapita juu ya ubapa na kuchora mfereji mrefu wenye kina kuliko mikwaruzo yote uliyokwisha kuifuta. Dawa ni chaki ya kawaida ya ubaoni. Isugue kwenye meno mpaka yajae weupe, na unga wa chuma utaanguka badala ya kung'ang'ania. Chaki ikiisha unapaka tena. Kati ya ubapa na ubapa, pitisha brashi ya waya kwa kufuata mistari ya meno, si kuikatiza. Kilichogoma kutoka kwa brashi, kisukume kwa kipande cha shaba au bati laini kwenye mfereji uleule. Mafuta usiweke. Tupa yenye mafuta inateleza, na chembe zinagandana humo kuwa uji mzito.

Kusukuma au kuvuta

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na ndipo watu wanapogawanyika. Waliofundishwa ufundi wa fita, yaani kuunganisha na kurekebisha mashine, pale VETA Chang'ombe au kwenye karakana za zamani, wamezoea kusukuma: mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto kwenye ncha, tupa inakwenda mbele ikikata na kurudi ikiwa imenyanyuliwa au imelegezwa. Wengine waliojifunzia kwenye mitutu na visu wanapenda kuvuta: tupa imelazwa mkingamo wa mtutu, mikono miwili imeshika ncha zote mbili, na inatembezwa kwa urefu wa mtutu kuja na kwenda. Kila upande unaona mwenzake anapoteza muda.

Ukitazama tupa inagusa wapi, utaona kwamba wote wana haki, ila kwa hatua tofauti.

Ukisukuma kwa urefu wa mtutu, tupa ya inchi 12 imelala juu ya ubapa kwa karibu urefu wake wote. Inagusa vilele na kuruka mabonde. Inakata palipoinuka tu, na hivyo inanyoosha. Ukivuta mkingamo, kinachogusa mtutu ni upana wa tupa peke yake, yaani hizo milimita 25 au 30. Bonde refu kuliko hapo, tupa inashuka nalo na kupanda nalo. Haitalinyoosha hata ukivuta mpaka kesho. Lakini kwa kuwa meno yanakatiza karibu sambamba na safari yake, inaacha uso wenye mistari midogo iliyonyooka kwa urefu wa mtutu, uso ambao kusukuma hakuwezi kuutoa.

Kwa hiyo anayevuta tangu mwanzo anapata mtutu laini wenye mawimbi, na anayesukuma hadi mwisho anapata mtutu ulionyooka wenye makovu. Sukuma kwanza, vuta baadaye.

Namna ya kuona hilo kwa macho ni hii. Paka ubapa mzima wino wa maka peni. Piga tupa kwa kusukuma mara tatu nne, mkono mwepesi, halafu simama. Palipofutika ni kilele, palipobaki na wino ni bonde. Usiendelee kukwangua ukiangalia chuma, angalia wino. Wino ukiwa umebaki vidoa vichache tu vya mashimo ya kutu, acha kusukuma. Paka wino upya, chukua tupa ya mstari mmoja, vuta. Safari hii wino utafutika kwa pamoja kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na pale unapobaki pembeni mwa ubapa, mkono wako unaegemea upande wa pili. Rekebisha mkono kabla ya kurekebisha chuma.

Wakati wa kuvuta, vidole gumba viwe karibu na mtutu, kushoto na kulia kwake, si huko nje kwenye ncha za tupa. Mikono ikiwa mbali, tupa inapiga pembea na pembe zinakwisha. Halafu tupa ya mstari mmoja inakata vizuri upande mmoja wa safari kuliko mwingine, kwa sababu ya ule mshazari wa meno. Jaribu kwenda, jaribu kurudi, tazama unga mwingi unatoka wapi, kisha bonyeza upande huo na ulegeze wa pili. Ukitaka kubadili upande, igeuze tupa, mpini uende mkono mwingine. Inatoka pia tofauti kidogo ukiikalisha tupa kwa pembe badala ya mkingamo kamili. Kila mkono na pembe yake, lakini ikianza kulia kwa sauti kali ya kutetema, umekosea pembe.

Jiliwa, yaani vaisi ya kubania chuma, liwe usawa wa kiwiko. Meno yake yavishwe mbao au ngozi, la sivyo yatachora kile unachokilainisha. Upande wa pili wa mtutu uegemee gogo lenye mkato wa V, maana chuma kinachoning'inia kinatetema, na mtetemo huo utauona kwenye ubapa kama vimistari vya kukingama.

Hesabu mapigo. Ubapa wa kwanza ukila mapigo arobaini, wa upande wa pili nao upate kiasi hicho, kisha kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ipite kila shubiri moja. Unataka tofauti isizidi sehemu ya kumi ya milimita. Kuna mtego mmoja hapa: mitutu mingi ya kale haikunyooka tangu ilipotoka kwa mfuaji. Ni minene nyuma inakokaa baruti, inapungua kuelekea mbele, halafu mdomoni inanenepa tena kidogo. Hayo si makosa ya kusahihisha. Mwenye kalipa na bidii nyingi anaweza kuliharibu umbo zuri la karne ya 18 au 19 akidhani analinyoosha. Pima kwanza, andika vipimo, kisha fuata umbo lilivyo. Na sehemu ya nyuma iguse kwa woga, kwa sababu ndiyo inayobeba mlipuko. Shimo la kutu lenye kina upande huo halifukuziwi kwa tupa. Lipimwe na mwenye leseni aamue kama mtutu bado unafaa kufyatuliwa au umebaki wa kutundikwa.

Kitu kingine kisichoguswa ni alama. Magobore yaliyoingia pwani hii kupitia Unguja na Bagamoyo enzi za misafara, mengi yalitoka Ulaya, na Liège ya Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya biashara hiyo hata baada ya Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 kujaribu kuubana uingizaji wa silaha Afrika. Ukikuta herufi ELG ndani ya umbo la yai, hiyo ndiyo alama ya Liège ya kuonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa. Kuifuta ni kufuta cheti cha kuzaliwa cha mtutu, na kufuta namba ya leseni ni kujitafutia kesi. Zungushia mkanda wa karatasi, ufanye kazi pande zote mbili zake, uache kisiwa kidogo cha uso wa zamani.

Grinda, msasa, na tamaa ya kung'aa

Grinda ni haraka, na Gerezani hutatembea hatua nyingi bila kuisikia. Kwa magamba ya kutu kwenye chuma cha geti, sawa. Kwa mtutu, hapana. Diski inachimba bonde kabla hujasema ah, inapasha chuma joto mahali pamoja, na hakuna mkono unaoweza kuifanya iende tambarare kwenye njia ya milimita 10. Faida yake moja juu ya tupa ni kasi, na hapa kasi ndiyo adui. Umeme nao ukikatika, tupa haina habari.

Ila tupa mpya nayo isitumwe kung'oa magamba. Ngozi ya kutu na magamba ya moto ni magumu, yanamaliza meno mapya kwa kazi ya asubuhi moja. Tumia tupa iliyochoka, au loweka kwa siki kisha usugue kwa brashi ya waya. Tupa nzuri iingie pale chuma kinapoonekana.

Msasa una mahali pake baada ya kuvuta, na haupandi mahali pa tupa. Mtu anayeruka tupa na kuanza na msasa mkononi anafanya kosa lilelile la tupa fupi, mara mbili: vidole vinafuata mabonde, na msasa unajikunja pembeni na kuzimaliza pembe. Uzungushie kwenye tupa yenyewe au kwenye ubao ulionyooka. Anza na namba 120 au 180 kwa mitutu yenye makovu, malizia na 220, ukipenda 320. Kwa sehemu ya mtutu iliyo mviringo, kwa yale magobore yenye pembe nane nyuma na mviringo mbele, utepe wa msasa unaovutwa kushoto na kulia kama mng'arisha viatu wa Posta unafanya kazi nzuri, mradi umalizie kwa mistari ya urefu.

Kuhusu 320 kwenda juu, nilimsikia fundi mmoja mwenye leseni akizungumza na mteja wake, mzee aliyeleta gobore la ukoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka ling'ae mpaka nijione."

"Mzee wangu, ukijiona leo, kesho kutwa utaiona kutu. Hewa ya hapa ina chumvi. Niache nilipake rangi ya kahawia, lishike."

Fundi alikuwa sahihi. Rangi ya kahawia ya mitutu ya kale ni kutu iliyolelewa na kuzuiwa kwa makusudi, na inataka uso wenye ukwaru kidogo wa kuishikilia. Chuma kilichong'arishwa kupita kiasi kinaikataa au kinaipokea kwa mabaka. Kwa hiyo mwisho wa kuvuta kwa tupa laini, ukifuatwa na 220 ya mkono mwepesi, si kazi iliyoachwa njiani. Ndipo inapotakiwa kuishia. Mzee hakufurahi sana, lakini alikubali.

Ya jina, ya bei rahisi, na ile seti yenye mfuko

Majina ya kutegemewa yapo. Nicholson walianza mwaka 1864 huko Providence, Marekani, na bado ndilo jina ambalo wazee wa karakana hulitaja kwanza. Bahco za asili ya Sweden nazo ni nzuri. Lakini jina likigongwa kwenye chuma si ushahidi, hasa kwenye soko ambalo kila kitu kina ndugu yake wa bandia. Kagua tupa yenyewe, muuzaji mzuri hatakukataza.

Iinamie kwa urefu, usawa wa jicho, kama unavyokagua ubao. Tupa nyingi zina tumbo dogo la kukusudia, limebenuka kidogo upande wa uso, na hilo ni jema kwa sababu linakuwezesha kuchagua pa kugusa. Kilichopinda kulia au kushoto, au kujisokota, kirudishe. Kisha igeuze kwenye mwanga. Ncha za meno zikimetameta kwa mistari myeupe, zimeshakuwa butu au hazikuchongeka vizuri tangu kiwandani. Meno makali hayarudishi mwanga. Tazama pembeni kama kuna meno yaliyomeguka. Kama muuzaji ana kipande cha nondo, piga pigo moja: tupa nzuri inashika na kutoa chembe, mbovu inateleza na kuacha kiraka kinachong'aa.

Tupa ya bei rahisi si mbaya kwa kila kazi. Kwa hatua ya kukwangua, ya bei rahisi yenye mistari miwili ni chaguo la busara, maana hiyo ndiyo itakayoumia, na hutalia ikimalizika. Hela yako ipeleke kwenye tupa ya mstari mmoja ya kumalizia, kwa sababu kila dosari yake inahamia kwenye uso wa mwisho.

Ile seti ya vipande vingi kwenye mfuko wa plastiki, yenye tupa fupifupi za kila umbo, iache. Inavutia kwa hesabu, lakini kwa mtutu utatumia kipande kimoja au viwili, na hivyo viwili ndivyo vifupi mno. Afadhali kununua moja moja. Na mpini ununue au uchonge wa mbao, usifanye kazi na shina tupu. Shina lina ncha, na tupa ikigoma ghafla, kiganja kinakwenda mbele.

Kwenye hewa yetu tupa ikitupwa kwenye boksi la vifaa na wenzake, inauawa na vitu viwili, kutu na wenzake hao. Meno yanapogongana yanavunjana, kwa kuwa chuma cha tupa ni kigumu sana na kwa sababu hiyohiyo ni chepesi kumeguka. Zifunge kila moja kwenye gazeti au kitambaa kikavu. Wala usiitumie kama nyundo au mtalimbo, inapasuka vipande.

Zile ndogo

Kwa mfereji wa kuingizia shabaha, yaani kidude cha kulengea juu ya mtutu, ile sehemu iliyobinuka ndani kama mkia wa njiwa, tupa ya pembetatu, ile ya kunolea misumeno, ndiyo inayoingia. Tafuta au tengeneza yenye upande mmoja usio na meno, ili unapokula ukuta usile na sakafu. Kwenye mashine ya kunolea, kwa taratibu na maji karibu, upande mmoja unafutwa meno na kazi imekwisha. Hapa ndipo tupa ndogo ya Uswisi yenye namba 2 ingekufurahisha kama hela ipo. Tupa ya mviringo ni ya mdomo wa mtutu na pembe za ndani, wala haina kazi nyingine hapa. Nusu duara wengi wanaipenda kwa kuwa ni mbili kwa moja, lakini uso wake bapa ni mwembamba kuliko wa tupa bapa kamili na hausaidii kunyoosha.

Mwenye hela ya tupa mbili achukue bapa ya inchi 12, mistari miwili, ya kukwangua kama mtutu umeliwa sana au ya kati kama una kutu ya juujuu, pamoja na ya inchi 10, mstari mmoja, laini. Mwenye hela ya moja tu achukue ya inchi 10, mstari mmoja, ya kati. Ataisukuma kwa muda mrefu kuliko mwenzake, mikono itamuuma, lakini ataweza kuivuta mwishoni na kupata uso unaostahili rangi. Kinyume chake hakiwezekani: hakuna kiasi cha chaki kitakachoifanya tupa ya kukwangua ya inchi 12 imalizie kazi. Chaki yenyewe ipo kila duka la vifaa vya shule, nunua boksi zima.